Tafuta Fundi Kwanza, Pikipiki Baadaye

Pikipiki ya mkononi huuzwa kwa maneno manne: "Ni kuwasha na kuondoka." Muuzaji huyatamka kabla hamjamaliza kusalimiana. Huyarudia ukiuliza imetumika miaka mingapi, huyarudia tena ukiuliza kadi iko wapi, na akishahesabu noti zako ndipo hutoa kipande alichokuwa amekikalia: "Kuna kamlio kidogo huku chini, ila hako fundi yeyote anakamaliza." Fundi yeyote! Balaa huanzia hapo, maana fundi yeyote ndiye mtu wa mwisho unayepaswa kumkabidhi chombo ulichokinunua kwa akiba ya mwaka mzima.

Naandika kwa ajili ya mtu asiye na fedha za kwenda dukani kuchukua pikipiki mpya yenye nailoni kwenye siti. Kijana aliyechoka kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Muuguzi anayetoka zamu usiku wakati daladala za kwao zimeshalala. Mama aliyepokea mgawo wa vikoba na anataka mwanawe apate pa kuanzia. Hawa ndio wanaoliwa, na huliwa mara mbili: kwanza na muuzaji, kisha na gereji. Na inaniuma, kwa sababu pikipiki iliyotumika ni chombo cha maana kabisa. Ziko Boxer na TVS zilizozeeka rangi, zinapanda vilima vya Morogoro kila siku na gunia la mkaa nyuma, hazijui kusukumwa. Zimefika umri huo kwa sababu mwenye nazo alipanga mambo kwa utaratibu wake.

Wengi wetu tunanunua pikipiki, inaharibika, ndipo tunahangaika kutafuta fundi. Wakati huo uko barabarani, jua la saa saba linawaka, na fundi ni yule aliye karibu. Geuza utaratibu. Tafuta fundi wiki mbili kabla ya kutafuta pikipiki.

Fundi wa kweli humpati kwa kuuliza "Nani fundi mzuri hapa?" Ukiuliza hivyo kijiweni utapelekwa kwa shemeji wa mtu. Uliza hivi: "Injini yako ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na nani aliifunga?" Dereva wa bodaboda hana nafasi ya upendeleo katika jambo hili, siku moja gerejini ni siku moja ya deni la hesabu. Akikutajia jina, nenda kijiwe kingine, uliza vilevile. Jina likijirudia vijiwe viwili au vitatu visivyojuana, hapo kuna mtu.

Kisha nenda ukakae gerejini kwake nusu saa. Nunua soda, usitaje shida yako, tazama mikono. Fundi anayejua, akifungua kava la injini, huchoma skrubu kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyokuwa. Anajua kwamba skrubu za kava moja hazilingani urefu, na ndefu ikilazimishwa kwenye tundu la fupi hupasua alumini. Fundi maiko humwaga zote kwenye beseni la petroli, na akimaliza kufunga zinabaki mbili. Ukimuuliza, atakwambia hizo hazina kazi. Kiwanda kizima kule India kilikaa, kikachora, kikatoboa, kikaweka skrubu mbili zisizo na kazi!

Tazama pia anavyokaza. Nati ya kumwagia oili huingia kwenye alumini, na alumini ni laini. Anayechomeka bomba kwenye mkono wa spana ili "ishike vizuri" anakuandalia uvujaji wa mwezi ujao. Halafu sikiliza anavyozungumzia valvu. Nafasi ya valvu hupimwa kwa visehemu vya mia vya milimita, kwa kipimo cha vibati vyembamba kiitwacho fila geji. Wako mafundi wa vijijini wanaotumia wembe, na unene wa wembe ni karibu milimita 0.1. Hao nawavulia kofia, maana wanajua kwamba kuna kitu cha kupimwa. Ninayemwogopa ni anayeinamisha kichwa, anasikiliza, anasema "hapo imekaa," kisha anajifuta mikono.

Ukishampata mtu wako, mwambie wazi: "Fundi, nataka kununua pikipiki. Naomba uje uniangalizie, na hela yako nitakupa ileile, ninunue nisinunue." Hayo maneno ya mwisho usiyaache. Fundi anayelipwa tu biashara ikifungwa, moyo wake umeshafunga biashara. Mlipe aseme "hii achana nayo", na akisema hivyo mara tatu kwa pikipiki tatu, kila mara mlipe bila kununa, kwa kuwa kila mara amekuokolea laki kadhaa. Dalali akikuambia, "Kaka, fundi ninaye hapahapa, usihangaike," mshukuru kwa adabu na uendelee kuhangaika. Fundi wa dalali ni dalali mwenye spana.

Fedha nayo igawe ukiwa nyumbani, kabla hujaiona pikipiki yoyote, maana ukishaikalia na kusikia mlio akili huhama. Kama una milioni moja na nusu, unatafuta pikipiki ya milioni moja. Hiyo laki tano ni ya kubadilisha kadi, bima, tairi, cheni na sproketi zake, oili, na yale ambayo hata fundi wako hakuyaona. Anayenunua kwa shilingi yake ya mwisho huendesha bila breki ya mbele akisubiri mshahara. Nenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, uulize wodini ni wangapi wameletwa pale na pikipiki, uone kama kuna haja ya kubishana kuhusu bei ya brekishuu.

Sasa uliza ilikuwa ya nani. Jibu la kawaida ni kwamba ilikuwa ya mwalimu, au ya mchungaji, aliyekuwa akiendea kazini tu. Huenda ni kweli, lakini pikipiki nyingi zinazouzwa mjini zimefanya boda, na boda ziko za aina aina. Ya mkataba ina dereva mmoja anayepeleka hesabu kwa tajiri hadi muda walioandikishana uishe, kisha chombo kinakuwa chake. Huyu ana sababu ya kuitunza, hasa miezi ya mwisho. Ya hesabu tupu, isiyo na mkataba, ina dereva asiye na chake humo. Na kuna iliyopita mikononi mwa madeiwaka, leo huyu kesho yule, kila mmoja saa chache za kujitafutia ugali. Hiyo imekanyagwa gia zote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza oili ilimwagwa lini.

Mita ya kilomita haikusaidii. Kebo yake hukatika, wengine huichomoa, na pikipiki ikaendelea kuzunguka jiji zima mita ikiwa imelala. Kilomita zisome kwenye vitu ambavyo muuzaji hakukumbuka kuvibadilisha: mpira wa pedeli ya gia, mpira wa mkono wa kiki, na vikanyagio vya abiria. Pikipiki ya "mwalimu aliyekuwa peke yake" yenye vikanyagio vya abiria vilivyolika hadi chuma imebeba darasa zima. Siti mpya, stika mpya na rangi mpya kwenye tenki visikuchangamshe. Muulize tu, kwa upole, kwa nini mtu mwenye haraka ya kuuza amepata muda wa kupaka rangi.

Siku ya kuikagua nenda asubuhi na mapema, na fundi wako. Wakati bado mnaulizana habari za nyumbani, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto saa moja asubuhi, imewashwa kabla hujafika, na sababu yake ni kwamba ikiwa baridi inasema jambo ambalo muuzaji hakutaka ulisikie. Kaeni, nyweni chai, ipoe. Muuzaji akianza kuwa na safari ya ghafla, mwache asafiri.

Ikiwa inapoa, piga magoti upande wa kulia, kwenye kava la klachi, utazame vichwa vya skrubu. Hapa naomba ukae muda mrefu kuliko kila mahali, kwa kuwa hakuna karatasi inayoeleza maisha ya injini kama hizi skrubu. Zilitoka kiwandani zikiwa na nyota safi, kingo kali. Injini ambayo haijaguswa bado inazo hivyo, na vumbi limeganda ndani ya nyota. Iliyofunguliwa na fundi mwenye bisibisi sahihi ina mikwaruzo midogo tu. Iliyofunguliwa na wapiga nyundo utaiona: nyota imegeuka shimo la duara, pembeni kuna makovu ya patasi ambayo mtu aliigonga ili skrubu izunguke, na moja kati ya hizo imebadilishwa na boliti ya aina nyingine kabisa. Sasa pitisha kucha kwenye maungio ya kava na injini. Ukikuta silikoni imefura nje kama ujiuji ulioganda, jua kwamba gasketi ilichanika na hakuna aliyenunua nyingine. Na silikoni iliyofura nje imefura na ndani pia. Vipande vyake hukatika, vikasafiri na oili, vikaziba njia. Muuzaji aliyeapa kwamba "injini haijawahi kufunguliwa" amekwisha kujibiwa, nawe huhitaji kumbishia. Kufunguliwa si dhambi, injini ya kazi lazima ifunguliwe siku moja. Dhambi ni kuficha, maana anayeficha kava ataficha na pistoni.

Kabla ya kuwasha, sukuma kiki taratibu kwa mkono, ufunguo ukiwa umezimwa. Injini yenye pumzi itakusukuma, utahisi ukuta. Ikishuka bila kukataa, ringi au valvu zimechoka. Toa kijiti cha oili upake kidogo kwenye vidole. Oili nyeusi ni ya kazi, haitishi. Yenye weupe wa maziwa imeingiwa na maji, na Dar es Salaam, baada ya masika, zimo nyingi zilizovushwa mafuriko ya Jangwani zikauzwa mwezi uliofuata. Oili nzito kupita kiasi, inayovutika, ni hila: kuna wanaotia oili ya giaboksi ya gari ili injini iliyochakaa inyamaze na moshi upungue, walau hadi mnunuzi afike kwao.

Sasa iwashwe. Moshi wa buluu ukitoka kidogo mara ya kwanza kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka kila unapovuta mafuta, inakula oili; hesabu pistoni, ringi na kuchonga silinda. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, huenda ni kabureta au kisafisha hewa tu, usiogope. Weupe mwembamba wa asubuhi ni umande. Kelele ya kuchekecha upande wa juu huenda ni taimingi cheni au valvu, vitu vinavyorekebishika kwa fedha ya kawaida. Kishindo kizito cha chini, kinachofuata mzunguko na kuongezeka ukiwa na mzigo, ndicho "kamlio" kale. Hiyo ni konrodi. Injini itapasuliwa katikati. Punguza bei kwa gharama hiyo yote, au rudi nyumbani.

Yaliyobaki fundi wako atayafanya haraka. Atavuta cheni kwa nyuma ya sproketi: ikinyanyuka hadi ukaona nusu ya jino, seti nzima imekwisha. Atashika gurudumu la nyuma alitikise kushoto na kulia aone kama bushi zimelegea. Atabana breki ya mbele aisukume pikipiki mbele na nyuma, asikie kama beringi za usukani zinagonga. Atanyosha uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele. Pikipiki iliyogonga ikanyooshwa kwa nyundo haikubali uzi, na fremu iliyopinda haina bei ya kuinunulia, hata ukipewa bure.

Chombo kikishapita, karatasi bado, na hapa watu wazima wanalizwa kila wiki. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya usukani, ya injini iko kwenye bloku lake chini. Soma zote mbili mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, uzilinganishe na kadi halisi. Sema neno halisi kwa sauti, kwa kuwa utaletewa kopi. "Orijino iko kwa bro, yuko Mwanza." Orijino mara nyingi iko kwa taasisi iliyotoa mkopo na bado inadai, au iko kwa tajiri ambaye dereva wake wa mkataba ameamua kuuza pikipiki isiyo yake. Katika hali zote mbili utanunua kesi. Subiri bro arudi kutoka Mwanza.

Jina la kwenye kadi liwe la huyo aliyesimama mbele yako, na kitambulisho chake cha NIDA kikubali. Namba ya usajili, ile inayoanza na MC, ichunguzwe kama ina faini za trafiki ambazo hazijalipwa, maana mfumo wa polisi huandika deni kwa namba ya chombo na askari wa kwanza atakayekusimamisha ataliona. Kisha mkataba wa mauziano kwa wakili, na baada ya hapo nenda na muuzaji TRA mkabadilishe umiliki, kila mmoja na TIN yake, mlipe ada na ushuru wa stempu. Muuzaji atasema "Hilo utafanya polepole, bosi, kadi unayo." Kataa. Bakiza sehemu ya fedha mkononi hadi jina libadilike, na liandikwe hivyo kwenye mkataba. Mtu aliyeshika hela yote huwa hapokei simu.

Haya, pikipiki ni yako. Sasa ndio uhusiano na gereji unaanza rasmi, na hata ukiwa na fundi bora, kuna siku utakwama Chalinze au Kibaigwa yeye hayupo. Jifunze lugha yao.

Fundi mpya yeyote, akiinama tu, atauliza: "Nani alikufungia hii?" Atatikisa kichwa. Atamwita mwenzake aje aone. Ni desturi ya kazi, kila fundi huanza kwa kumzika aliyemtangulia, na wewe usiingie kwenye mazishi hayo. Muulize jambo moja: "Umejuaje?" Akisema CDI, kile kisanduku cha moto wa plagi, imekufa, umejuaje? Fundi anayejua atachomoa plagi, aigusishe kwenye chuma, apige kiki, akuonyeshe kwamba moto hautoki, kisha afuate waya kurudi nyuma kipande kwa kipande. Asiyejua atasema "tujaribu kubadilisha," na majaribio hayo ni kwa mfuko wako: leo plagi, kesho koili, keshokutwa CDI, mwisho kumbe waya umekatika chini ya tenki. Pikipiki ya aina yako haikosekani hapo gerejini. Omba CDI ya mwenzako ichomekwe kwa dakika tano. Ikiwaka, nunua. Isipowaka, umeokoa fedha na fundi amejifunza kazi.

Akisema "njoo kesho saa nne", usiende kesho saa nne. Muulize saa hizi imefikia hatua gani, kinakosekana nini, na nani anakwenda kukinunua. Fundi hasemi kesho kwa ubaya kila mara. Ana pikipiki saba, zote za watu wanaopiga simu, na anayemfungia ni yule aliyesimama mbele yake. Kwa hiyo simama mbele yake. Chukua ruhusa ya nusu siku, kaa kwenye benchi, iangalie ikifungwa. Sijaona dawa nyingine inayotibu ugonjwa wa kesho. Simu hazitibu: ukipiga, atakujibu "namalizia sasa hivi, mzee," na injini yako iko kwenye beseni.

Spea nunua mwenyewe. Mwambie fundi akuandikie, uende na ile mbovu mkononi ulinganishe kaunta. Akienda yeye kuna cha juu, na cha juu kikubwa hupatikana kwenye spea feki. Kama ni kazi ya pistoni, jua hesabu yake: silinda ikichakaa huchongwa ipanuliwe na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, na pistoni hizo huja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, namba ikiwa imegongwa kichwani mwa pistoni. Nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke silinda ikachongwe kuifuata. Anayechonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye atakuletea inayokaribiana. Na kama silinda yako imeshafika 1.00, imekwisha, nunua nyingine, asikudanganye mtu kwamba "inabeba moja zaidi".

Kila kilichotolewa urudishiwe, hata kama ni uchafu. Kabla ya kuiacha gerejini, piga picha ya kabureta, betri, tairi na kiwango cha mafuta, kisha weka tone la rangi ya kucha ya dada au mkeo kwenye kabureta, CDI na shokapu. Kabureta orijino huhama gereji bila miguu. Tone jekundu haliongei sana, lakini fundi akiliona tu anaelewa kwamba mwenye pikipiki hii anaijua. Na akisema anakwenda kuijaribu, panda nyuma. Kujaribu bila wewe huchukua saa mbili na kuna siku hurudi na harufu ya abiria.

Nimewasema sana mafundi, na niseme na letu wateja. Tunabishana kuhusu hela ya ufundi kuliko tunavyobishana kuhusu kitu kingine chochote. Mtu atalipa spea bila neno, lakini ufundi wa siku nzima anataka ushuke hadi bei ya chakula cha mchana, na amalize leo. Fundi aliyebanwa hivyo hana pengine pa kupata riziki isipokuwa kwenye cha juu na kwenye kuharakisha, na sisi ndio tuliomfundisha. Wengi waliingia gerejini wakiwa spana boi wa miaka kumi na minne, wakaoshea watu vyuma kwa petroli miaka mitatu bila malipo, wakajifunza kwa kutazama, na alichokosea bosi wao wamekirithi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mafunzo ya ufundi wa magari na pikipiki, na ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunzia kazini. Ukimwona kijana mwenye mikono mizuri, mwambie habari hiyo. Na ufundi wake mlipe wote, kwa bei mliyoelewana, siku hiyohiyo. Fundi aliyelipwa vizuri ndiye atakayekupigia simu kukuambia brekishuu ulizonunua jana ni feki, kazirudishe.

Wiki ya kwanza usiende nayo safari. Mwaga oili yote iliyokuja nayo, hata kama muuzaji ameapa ameibadilisha jana, na utie mpya ya daraja linalotajwa kwenye kitabu chake. Pikipiki hizi ndogo hutumia kama lita moja, kwa hiyo hakuna kisingizio. Safisha kisafisha hewa. Badilisha brekishuu za mbele na nyuma. Pima valvu injini ikiwa baridi. Kaza spoku. Nunua daftari la shilingi mia tano, uandike tarehe, kilichofanyika, na jina la aliyefanya. Oili ibadilishe kila kilomita 2,000 hivi, na kama mita ni mbovu, itengeneze kwanza, maana vinginevyo utakuwa unakisia kama wale waliokutangulia.

Siku ukiamua kuiuza, mpe mnunuzi daftari hilo pamoja na kadi, mwonyeshe skrubu zilizofunguliwa na umwambie kwa nini zilifunguliwa. Akija na fundi wake, mwachie nafasi akague mpaka atosheke. Kisha mwende wote TRA kabla hujampa funguo, kwa kuwa jina lako likibaki kwenye ile namba ya MC, faini zake na ajali zake zitakutafuta wewe.